Video Ikae Simuni

Video ya dakika 10, ikichezwa mtandaoni kwa ubora wa 360p, unaotosha kabisa kwa kioo cha simu nyingi za bei nafuu, hula takribani megabaiti 45. Hesabu yake haina siri: chukua kasi ya kilobiti 600 kwa sekunde, zidisha kwa sekunde 600, kisha gawanya kwa 8. Mtu akiirudia kesho, kwa kawaida zinaondoka megabaiti 45 nyingine. Akimtumia dada yake kiungo badala ya video yenyewe, dada naye analipa 45 zake. Wanafunzi 40 wa darasa moja la Chuo Kikuu cha Lubumbashi wakiangalia somo la urefu huo mara tatu kila mmoja, kwa jumla wamelipia megabaiti 5,400, na somo ni lile lile tangu mara ya kwanza hadi ya mwisho. Lakini mmoja wao akilipakua kama faili, akawagawia wenzake kwa Bluetooth au kwa programu ya Xender, darasa zima limelipia megabaiti 45 tu. Hiyo ni tofauti ya mara 120, na chanzo chake si kasi ya mtandao wala umri wa simu. Chanzo ni uamuzi wa watu wanaotengeneza programu za video: waliamua kwamba video ipite simuni, isikae.

Katika mji wa Kongo kama Lubumbashi uamuzi huo ni hasara. Desturi ya wakazi wake ya kutaka video iwe faili, ihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu, ipite mkono kwa mkono na kuchezwa bila mtandao, ndiyo iliyo sahihi kiufundi na kiuchumi. Wengi huichukulia desturi hiyo kama dalili ya kuchelewa, wakiamini kwamba siku mtandao utakapokuwa mzuri watu wataiacha na kuangalia moja kwa moja kama wenzao wa Brussels au Johannesburg. Fikra hiyo inakosea. Familia ya mtaa wa Katuba au Ruashi inayopanga bidoni za maji kando ya mlango inalijua bomba vizuri. Inajua saa linapotoka maji na siku linapokauka, na kwa sababu inajua, inahifadhi. Anayejaza kadi ya simu yake filamu na mahubiri siku mega zinapopatikana amefikia uamuzi kwa njia hiyo hiyo. Swali linalostahili kuulizwa ni kwa nini programu anazopewa zinamfanyia kazi hiyo iwe ngumu.

Ili kulijibu, inafaa kuangalia jinsi video inavyotiririshwa. Hukatwa vipande vya sekunde chache, mara nyingi kati ya 2 na 10. Kila kipande huandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, na programu iliyo simuni hupima kasi ya mtandao kila mara, kisha huamua kipande kinachofuata kichukuliwe katika kiwango kipi. Apple ilitoa utaratibu wake wa namna hii mwaka 2009, na kiwango cha kimataifa kiitwacho MPEG-DASH kilichapishwa mwaka 2012. Kabla yake ilikuwa kawaida picha kuganda katikati ya sentensi na mtazamaji kungoja dakika nzima. Baada yake picha inafifia kidogo, lakini inaendelea. Ni ufundi wa kuheshimiwa. Hata hivyo kinachopimwa ni kasi, na salio la mtumiaji halimo katika hesabu hiyo. Usiku, msongamano unapopungua na simu iko karibu na mnara, programu inaweza kupanda hadi 720p bila kuuliza mtu. Aliyedhani anatumia megabaiti 270 kwa saa anakuta zaidi ya gigabaiti moja imeondoka. Kwa mwenye intaneti isiyo na kikomo nyumbani, kupanda huko ni zawadi asiyoilipia. Kwa anayenunua mega chini ya mwavuli wa muuza unite za simu, ni matumizi aliyofanyiwa na mashine. Mipangilio ya kuokoa data ipo, lakini lazima mtumiaji aijue na aitafute mwenyewe, ilhali ule wa kupanda ubora unafanya kazi bila kutafutwa na mtu.

Utaratibu huu ulibuniwa juu ya nguzo tatu: mtandao usiokatika, umeme usiokatika, na data isiyouzwa kwa kipimo. Lubumbashi nguzo zote tatu zina nyufa. Kwa umeme, mji huu uliojengwa juu ya shaba unahudumiwa na mabwawa ya Nzilo na Nseke kwenye mto Lualaba, na Mwadingusha na Koni kwenye Lufira, na bado mitaa ya Kenya, Kampemba na Katuba inafahamu mgao wa shirika la umeme, SNEL, kuliko inavyofahamu ratiba ya televisheni. Migodi inahitaji umeme mwingi, na kinachobaki hakiwatoshi watu. Umeme ukikatika, televisheni inazimika, na simu inabaki kuwa kioo pekee chenye uhai ndani ya nyumba, kwa muda ule ambao betri itadumu. Hapo tena faili lina faida ambayo hutajwa mara chache: kucheza video iliyomo simuni kunaiacha redio ya simu ipumzike, ilhali kutiririsha kunailazimu kuzungumza na mnara mara kwa mara, na mnara ukiwa mbali betri inakwisha upesi zaidi. Upande wa fedha, Benki ya Dunia ilikadiria kwamba mwaka 2024 zaidi ya asilimia 73 ya Wakongomani waliishi kwa chini ya dola 2.15 kwa siku. Serikali ilipoanzisha mwaka 2020 ada ya rejista ya vifaa vya simu, iliyojulikana kama RAM, ya dola 7 kwa mwaka kwa simu za 3G na 4G, ikawa inakatwa kidogo kidogo kwenye unite za watu, hasira ilitanda nchi nzima mpaka ada hiyo ikaondolewa mwaka 2022. Dola 7 kwa mwaka zilitosha kuwaudhi watu kiasi hicho. Ni wazi kwamba gigabaiti inayopotea usiku mmoja si jambo dogo kwao. Na kuhusu mtandao usiokatika, baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018 intaneti ilizimwa kwa amri na kubaki imezimwa takribani wiki tatu. Katika wiki hizo, kila video iliyokuwa kwenye seva za mbali ilikuwa kama haipo. Zilizokuwa kwenye kadi ziliendelea kuchezwa.

Basi watu wamejipangia njia yao. Wapo vijana wa vibandani ambao kwa malipo madogo wanakutilia kwenye kadi nyimbo, filamu na vichekesho unavyovitaka. Zipo programu za kurushiana mafaili simu kwa simu, ambazo hazigusi mtandao wa kampuni hata kidogo. Ipo WhatsApp, na hiyo inastahili kuangaliwa kwa makini, kwa sababu ndiyo chombo cha video kinachotumiwa na kila mtu bila kuitwa hivyo. Video iliyotumwa kwa WhatsApp ni faili: ukishaipakua inabaki, unairudia bure, unaituma. Kwa miaka mingi kikomo cha video ya kawaida humo kilikuwa megabaiti 16, na kikomo hicho kimewafundisha waigizaji na wahubiri wa mji huu kukata kazi zao fupi na nyepesi. Halafu zipo programu za kuchezea zenyewe, MX Player na VLC. VLC ilianzia kwenye mradi wa wanafunzi wa École Centrale ya Paris mwaka 1996, waliotaka kurusha video ndani ya mtandao wa bweni lao. Mwaka 2001 ikatolewa kwa leseni huria, na toleo kamili la Android likafuata mwaka 2014. Haina matangazo, haimtaki mtu ajisajili, na inafungua karibu kila aina ya faili, hata lile lililokatika kabla ya kumalizika kupakuliwa. Mahali ambapo upakuaji mwingi hukatikia katikati kwa sababu mega zimekwisha, sifa hiyo ya mwisho ni ya thamani kubwa kuliko picha ya 4K.

Hata Google iliwahi kukubali hoja hii. Mwaka 2016 ilitangaza YouTube Go, programu iliyoundwa kwanza kwa ajili ya India na baadaye kupelekwa katika nchi zaidi ya 100. Kabla ya video kuanza, ilimwonyesha mtumiaji itakula megabaiti ngapi katika kila kiwango cha ubora, ikamwachia achague, ikamruhusu kuihifadhi na kuipeleka kwa simu iliyo karibu bila kutumia data. Sijui programu nyingine ya kampuni kubwa iliyomheshimu mnunuzi wa mega kwa kiwango hicho. Mwezi Agosti 2022 ilifungwa, kwa maelezo kwamba YouTube ya kawaida ilikuwa imeboreshwa vya kutosha kwa simu za bei ya chini na mitandao dhaifu. Maelezo hayo yanazungumzia kasi na uzito wa programu, na hayagusi lile la kugawiana. Kwa darasa la mfano wetu, kilichopotea ni kile kile kilicholipunguzia gharama mara 120.

Mtu anaweza kusema kwamba kupakua si akiba kila wakati, na ni kweli. Anayeonja video kwa nusu dakika kisha akaiacha anapata hasara akiipakua nzima. Kwa habari za siku, kwa kichekesho usichojua kama kitakuchekesha, kutiririsha kwa ubora wa chini ni uamuzi mzuri. Lakini tabia halisi ya watazamaji imejaa marudio. Mtoto anataka katuni ile ile kila jioni. Kwaya inarudia wimbo mmoja mpaka sauti zote zishike nafasi zake. Fundi simu anarejea kwenye maelezo ya kufungua modeli fulani, na mwanafunzi wa udaktari anatazama upasuaji ule ule hadi aelewe mkono ulipita wapi. Mambo tunayoyapenda na mambo tunayojifunza ndiyo tunayoyarudia, na ndiyo hasa yanayotozwa upya na utiririshaji kila mara. Zaidi ya hayo, faili si lazima lisubiriwe hadi liishe kupakuliwa. Programu nzuri inaweza kuanza kulicheza huku likiendelea kuingia, na kilichoingia kisitupwe.

Pingamizi la pili ni la wakati: mtandao unaboreka na bei zinashuka, kwa hiyo tusihangaike na suluhisho la mpito. Kuboreka kwenyewe hakubishiwi. Leseni za 4G zilianza kutumika nchini mwaka 2018, na fiba inayovuka mpaka kutoka Zambia imeleta nafuu Katanga kabla ya miji mingi ya ndani. Lakini video nayo inanenepa kila mtandao unapopanuka. Kila hatua ya kuongezeka kwa kasi imefuatwa na hatua ya kuongezeka kwa ubora wa picha, na kioo cha inchi 6 kinalishwa picha iliyotengenezwa kwa ukuta wa sebule. Tena, hesabu ya kugawana haibadiliki bei inaposhuka: mega zikiwa nusu ya bei, mara 120 inabaki mara 120. Cuba inatoa mfano wa upande mwingine. Huko kwa miaka mingi watu wameishi na El Paquete Semanal, kifurushi cha wiki cha takribani terabaiti moja ya filamu, vipindi, muziki na programu, kinachosafiri kwa diski kutoka nyumba hadi nyumba kisiwa kizima. Intaneti ya simu ya 3G ilipofunguliwa huko mwezi Desemba 2018, kifurushi hakikufa siku hiyo. Watu walikuwa wamekwisha kuona kwamba diski inabeba kwa mguu kile ambacho mnara ungewatoza kukibeba.

Pingamizi zito kuliko yote ni la haki za watunzi, na mtu yeyote anayetetea kugawana mafaili analazimika kulijibu kwa uzito unaostahili. Vibanda vya kujaza kadi huuza kazi za watu bila ruhusa. Mwanamuziki aliyelipa studio, kundi la waigizaji lililokodi kamera, wanaona kazi yao imeenea mji mzima na mfuko wao mtupu. Sheria ipo: ordonansi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi, na SOCODA, shirika la kukusanya na kugawa haki hizo, liliundwa mwaka 2011. Wanaotetea utiririshaji husema kwamba kiungo kina faida moja kubwa, nayo ni kuhesabu: kila mtazamo unaonekana, na mtazamo unaoonekana unaweza kulipwa.

Hesabu hiyo inamlipa nani, hapo ndipo pa kuangalia. Ili kuingia katika mpango kamili wa kugawana mapato ya matangazo, YouTube humtaka mtunzi wa video zisizo fupi awe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Saa 4,000 kwa ubora wa 360p ni zaidi ya gigabaiti 1,000. Yaani watazamaji wa kundi la vichekesho la mtaa wa Kamalondo, kama wote wanatazama kwa mega zao, watakuwa wamezilipa kampuni za simu gharama ya gigabaiti 1,000 kabla mtunzi hajafikia hata mlango wa kuomba senti yake ya kwanza. Fedha imetoka mifukoni mwa wapenzi wa kazi yake, na ni nyingi. Imepita tu kando yake. Kama sehemu ndogo ya fedha hiyo ingekwenda moja kwa moja kwa mtunzi, angekuwa mahali pengine leo. Na njia ya kuifikisha ipo mikononi mwa kila mtu: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money zinatumika Lubumbashi kwa karo, kwa soko, kwa sadaka ya kanisani. Mtunzi anaweza kuweka jina lake na namba yake ya kupokea malipo ndani ya picha yenyewe, mahali pasipoweza kukatwa bila kuiharibu kazi. Faili likienea, namba inaenea nalo. Anaweza kuwapa vibanda ruhusa ya maandishi kwa malipo ya mkupuo, akamgeuza mwizi kuwa wakala. Si kila mtu atalipa. Hata tiketi za tamasha si kila mtu hulipa. Lakini anayetaka kulipa leo hana pa kulipia, na huo ni upungufu unaoweza kurekebishwa bila kungoja mtu yeyote wa California.

Afrika Mashariki ina historia ya kutosha kuonyesha kwamba nakala inayotembea hujenga sanaa vilevile. Sinema ya Kiswahili ya Tanzania ya miaka ya 2000, ile iliyomtoa mwigizaji Steven Kanumba, ilisambaa kwa VCD na DVD, sokoni na katika mabasi, ikavuka Ziwa Tanganyika bila msambazaji rasmi. Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya walijulikana kwa kutia simulizi za Kiswahili juu ya filamu za kigeni, na sauti zao zilifika popote kanda na diski zilipofika. Mambo ya haki za watunzi katika biashara hiyo yalikuwa mabaya mara nyingi, siwezi kuyapamba. Ila hadhira ile ilijengwa na nakala, na bila hadhira hiyo pasingekuwa na haki za kugombewa.

Kuna jambo jingine ambalo hesabu ya mega haiwezi kulipima, nalo linaihusu Lubumbashi kuliko miji mingi. Huu ni mji uliojieleza kwa Kiswahili chake mwenyewe kwa vizazi vingi, na kilichobaki cha kujieleza huko kimebaki kwa sababu kulikuwa na nakala. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha mitaani, ikapigwa chapa na kurudufishwa. Kazi hiyo inasomwa leo kwa sababu nakala zake zilitembea mikononi mwa watu hadi zikafika kwa watafiti. Mwaka 1986 kundi la maigizo la Mufwankolo, lililojulikana sana kwa vipindi vyake vya redio na televisheni, lilitayarisha igizo lililotokana na methali kuhusu mamlaka yanayoliwa yakiwa mazima. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian alikuwepo na kinasa sauti. Mazungumzo ya waigizaji, jinsi walivyobishana, jinsi mchezo ulivyojengwa hatua kwa hatua, yote yaliingia kwenye kanda, na mwaka 1990 yakatoka katika kitabu. Baadaye Fabian na mwenzake Vincent de Rooij waliyaweka maandishi mengi ya namna hii katika hifadhi iliyo wazi kwa wote.

Sasa fikiria vichekesho vya leo, vya vijana wanaoigiza mitaani kwa simu moja na kipaza sauti cha bei ndogo, kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa kama kinavyosemwa kweli. Kwa wingi vinazidi kila kitu ambacho Mufwankolo aliwahi kurusha hewani. Lakini vingi vimewekwa mahali pamoja tu, ndani ya akaunti ya mtu mmoja, kwenye seva ya kampuni ya kigeni. Akaunti ikidukuliwa, nenosiri likipotea pamoja na namba ya simu, au mashine ya kampuni ikiamua kwamba kanuni fulani imevunjwa, miaka mitano ya kazi inaondoka mchana mmoja. Aliyetazama kwa kutiririsha hana cha kumrudishia mtunzi. Aliyehifadhi anacho. Mtu anayejali lugha ya mji huu atatamani vichekesho hivyo viwe kwenye kadi elfu moja za simu, hata kama picha yake ni hafifu.

Yapo mambo ambayo faili haliwezi. TP Mazembe, timu ya soka ya mji huu, ikicheza, hakuna anayetaka kupokea mechi kesho asubuhi. Desemba 2010, timu ilipofika fainali ya Kombe la Dunia la Klabu kule Abu Dhabi na kukutana na Inter Milan, thamani yote ilikuwa katika kuiona pamoja, dakika ile ile. Kwa mambo ya moja kwa moja, hata hivyo, utiririshaji wa simu ndio ulio dhaifu kuliko vyote, kwa kuwa kila simu huchukua mkondo wake peke yake. Watu 500 wanaoishi karibu na mnara mmoja wanadai mikondo 500 ya picha moja. Televisheni na redio hurusha mara moja na kuwafikia wote bila kuongeza gharama. Simu nyingi za bei nafuu zinauzwa zikiwa na kipokezi cha FM kinachotumia waya wa spika za masikioni kama antena. Kwa mechi, hicho ndicho chombo cha kwanza, na video ya mabao ifuate baadaye kama faili dogo.

Ni nini basi cha kudai? Kwa watengenezaji wa programu, mambo yanajulikana kwa sababu yaliwahi kufanywa: kuonyesha megabaiti kabla ya kucheza, kukumbuka kiwango cha ubora alichochagua mtumiaji na kutokipandisha bila idhini yake, kuendeleza upakuaji uliokatika pale pale ulipokatikia, na kumruhusu mtu aliyekwisha kulipia video aipeleke kwa simu iliyo mkononi mwa jirani. Kwa wanaotengeneza video, kuna ufundi mpya wa kubana picha unaostahili kufuatiliwa. Muundo wa AV1, uliokamilishwa mwaka 2018, unaweza kutoa picha ile ile kwa data pungufu sana kuliko H.264 ya mwaka 2003, na VideoLAN, wenye VLC, walitoa mwaka huo huo programu huria ya kuufungua hata kwenye simu isiyo na sakiti maalumu ya kazi hiyo. Tahadhari yake ni betri: bila sakiti hiyo, prosesa inafanya kazi zaidi na simu inapata joto. Kwa hiyo kwa simu zilizoko mitaani leo, H.264 ya 360p bado ndiyo salama, na AV1 iandaliwe pembeni kwa simu zinazoingia.

Pa kuanzia kwa uhakika ni Chuo Kikuu cha Lubumbashi, kwa sababu hapo tatizo la haki halipo: masomo ni ya walimu wake na wanaolengwa ni wanafunzi wake. Kinachohitajika ni kompyuta ndogo, diski na kisambaza Wi-Fi kisichounganishwa na intaneti, vikae maktabani au kwenye korido ya kitivo. Mwanafunzi anakaribia na simu yake, anachukua masomo ya muhula mzima bila kulipa mega hata moja, anaondoka. Mpango wa namna hii umekwisha kufanya kazi kwingine. Kiwix imekuwa ikigawa Wikipedia nzima ya kusomwa bila mtandao tangu mwaka 2007, na KA Lite ilianza mwaka 2012 kupeleka video za Khan Academy katika shule zisizo na intaneti. Vifaa vyake vinapatikana madukani hapa mjini, na vinatumia umeme mdogo kiasi kwamba betri na paneli moja ya jua vinaweza kuvibeba saa za mgao. Kitivo kimoja kikiweka kifaa hicho mwanzoni mwa mwaka wa masomo, kikarekodi tu mihadhara ya mwaka wa kwanza, ambako madarasa hujaa kupita viti, kitapata ndani ya muhula mmoja takwimu zake chenyewe: mafaili mangapi yamechukuliwa, somo lipi limerudiwa, na mega ngapi wanafunzi hawakuhitaji kununua.